Winga Tuliyemtolea Mahari

Juzi nilikuwa nachambua mchele sebuleni kwangu, hapa Mwanza, na mtoto wa kaka yangu amejilaza kwenye kochi na simu yake. Akaguna. Huko Marekani, ananiambia, kuna mchezo wa kupiga kijipira kwa rungu, na timu moja ilimpa mchezaji mkataba wa miaka kumi na kitu, fedha ambazo hata kuzitamka huwezi. Sasa mwili umechoka, miaka bado imebaki tele, na watu wanatukanana mtandaoni: ile timu ilipata au ilipatikana?

"Shangazi, wewe ungekubali?" akaniuliza.

Nilicheka mpaka ungo ukanitoka mkononi. Rafiki yangu, sisi kijijini kwetu Gorong'a, huko Ukuryani, tulishayafanya hayo zamani, na wala hatukutoa fedha. Tulitoa ng'ombe.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa, naishi kwa bibi mzaa baba. Asubuhi za pale sijui nikueleze vipi. Ukungu unakaa juu ya mahindi mpaka jua lichoke kuusubiri, kengele za ng'ombe unazisikia lakini ng'ombe wenyewe huwaoni, na kutoka jikoni unanukia moshi wa kijinga cha moto ambacho bibi anakizungusha ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Kazi yangu ilikuwa kumshika ndama wakati bibi anakamua. Ng'ombe wetu wa maziwa alikuwa mwekundu, ana baka jeupe tumboni, mpole kuliko watu wengi ninaowafahamu. Nilikuwa naegemeza shavu kwenye ubavu wake nasinzia, na bibi ananiacha nisinzie. Uji wa ulezi wenye maziwa yale sijaunywa tena popote, na nimejaribu.

Kijiji kilikuwa na timu ya mpira. Timu mbovu, jamani! Kila mwaka mashindano yakiisha, dume la ng'ombe la ubingwa linaswagwa kwenda kijiji kingine na sisi tunabaki kusema mwamuzi alihongwa. Mpaka akatokea kijana mmoja kutoka Usukumani, amekuja na mjomba wake kuchimba dhahabu Nyakunguru. Jumapili, akishanawa vumbi la mashimo, alikuwa anacheza winga wa kushoto, na watu wanaacha vikombe vya chai wakimbie kumtazama. Sote tulimwita Winga, na mpaka leo jina ni hilo.

Wakubwa wa kijiji wakamfuata mjomba wake wamwombe kijana ahamie kwetu kwa misimu mitano. Mjomba akawajibu, "Mwanangu hakodishwi kama baiskeli. Mkimtaka, njooni kama watu."

Basi Mkurya ukimwambia aje kama watu kuomba mtoto wa mtu, yeye anajua njia moja tu. Wakarudi wamevaa makoti, wana msemaji, wana mwanamke mmoja mzee wa kuleta heshima, wakakaa siku mbili wakibishana rangi na umri wa ng'ombe. Walikubaliana ng'ombe sita. Nadhani yule mjomba alishangaa mwenyewe, lakini nani anakataa ng'ombe sita?

Wa sita alikuwa wetu. Mwenyekiti alikuja kumwomba kwa sababu bibi alikuwa mjane mwenye ng'ombe wake mwenyewe, na mama wa maziwa kama yule kijiji kizima hakikuwa naye. Bibi hakujua hata mpira unafungwaje. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mtoto atalala wapi?" Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Bibi akasema atalala kwake, kwenye nyumba ya baba yangu mdogo aliyehamia mjini, na ng'ombe wamchukue.

Sikufichi, nililia mpaka nikatapika. Nilimfuata yule ng'ombe mpaka mtoni, mkia wake ukachomolewa mikononi mwangu, nikarudi peke yangu na fimbo. Ndama wake alikuwa ameshaachishwa, lakini alilia wiki nzima, na mimi naye.

Halafu msimu ukaanza, na lazima niseme ukweli hata kama nilimchukia. Winga alikuwa anakimbia kama hagusi chini. Nauona uwanja ule sasa hivi nikifumba macho: jua la saa kumi, nyasi za rangi ya dhahabu, akina mama na watoto mgongoni wamejipanga pembeni, na yeye anaupitisha mpira upande huu, mwenyewe anapita upande ule, beki anabaki amesimama anajiuliza. Mabao kumi na tisa! Dume likaja kwetu. Zeze letu la litungu lilipigwa, wazee waliruka kama vijana, na bibi, ambaye hakujua lolote, alipiga vigelegele kila mpira ulipotoka nje. Siku ile nilisahau ng'ombe wetu. Siku moja tu.

Msimu wa pili ulikuja na mvua kubwa. Sasa, uwanja wetu ulikuwa katikati ya njia ya kwenda joshoni, wanakoogeshwa ng'ombe, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wafugaji wapitie kwingine. Ng'ombe walipita kwenye tope, jua likatoka, nyayo zikakauka zikawa vishimo vigumu. Timu ya Ringwani ilikuja kwa lori. Winga akaupata mpira, akawapita wawili, mguu ukaingia kwenye kishimo cha kwato. Tulisikia goti likilia tukiwa pembeni ya uwanja. Zilikuwa kwato za ng'ombe wetu wenyewe, rafiki yangu.

Hospitali walimfunga, lakini daktari alisema mpira basi. Alikuwa bado na misimu mitatu na nusu.

Maneno yakaanza. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kijana anakula ugali wa kijiji na mguu ameuning'iniza. Siku ya josho, watu wote wakiwepo na mifugo yao, mwenyekiti akaitisha mkutano pale pale, na harufu ya dawa ya kupe inatukaba koo. Hoja ilikuwa moja: Winga arudishwe kwa mjomba wake, ng'ombe warudi. Niliomba, kwa kweli niliomba kwa Mungu, arudishwe hata jioni ile ile.

Lakini kwa kuwa walimtolea mahari, ilibidi waamue kwa sheria za mahari. Mzee mmoja akasema mke aliyekwisha kuzaa, ng'ombe wake hawadaiwi wote. "Na huyu amezaa, mura! Mabao kumi na tisa ni watoto wangapi?" Mwingine akamrukia, "Watoto gani hao? Wako wapi? Mmoja wao anachunga?" Watu wakacheka. Winga alikuwa amekaa kwenye ukuta wa josho na magongo yake, anaangalia chini. Yeye hakucheka.

Wakamgeukia bibi, kwa kuwa ng'ombe bora alikuwa wake. Nilimshika kanga nikaivuta. Alijua ninachotaka. Akautoa mkono wangu taratibu, akasimama.

"Mngekodi, mngerudisha," alisema. "Mlikwenda na makoti mkaoa. Mkeo akivunjika mguu akiwa anakutekea maji, unamrudisha kwao? Ng'ombe wangu simtaki. Mtoto namtaka."

Walianza kuita ng'ombe wao mmoja mmoja, mkutano ukaishia hapo. Sikumsemesha bibi mpaka kesho yake. Winga sikumsemesha msimu mzima. Nikimkuta jikoni natoka. Nilikunywa uji mweusi, bila maziwa, mbele yake kwa makusudi, nauvuta kwa kelele, ili ajue ni yeye. Alikuwa anajua. Alianza kufagia zizi akiwa na gongo moja, halafu akajifunza kuchunga akichechemea, halafu siku moja nikaona amekaa anamchambulia bibi mboga, wanaongea Kikurya chake kile kibovu, bibi anacheka mpaka anafuta machozi.

Msimu wa tano ulipokwisha, mjomba akaja kumchukua. Nguo zilikuwa zimeshafungwa. Bibi akamwambia mjomba, "Miaka mitano ilikuwa ya mpira. Ng'ombe wa mahari hawana miaka." Winga alisimama mlangoni, akamtazama mjomba wake, akarudi ndani kufungua mzigo.

Wenye timu watakwambia tulipata hasara: ng'ombe sita kwa dume moja. Hesabu hiyo siibishii. Uwanja wenyewe siku hizi ni shamba la mahindi, josho limekauka, vijana wako mashimoni, na mtu akisema mchezaji alitolewa mahari wajukuu wanadhani anawatania. Nyumbani kwetu palikuwa na watoto na wajukuu wengi. Tuliondoka wote. Baba yangu alikwenda Musoma, baba mdogo Arusha, mimi huku Mwanza, kila mtu na sababu yake nzuri. Tulituma fedha, tulituma blanketi, tuliahidi Krismasi.

Bibi alipozidiwa ilikuwa mvua, na gari halikuweza kufika. Jirani alinisimulia. Winga, mwenye mvi sasa na goti lile lile, alimbeba mgongoni mpaka barabarani, anasimama, anapumua, anaendelea, na bibi anamwambia, "Nitue, mwanangu, utaumia," naye anakataa. Bibi alifia pale pale mgongoni, kabla ya barabara. Winga hakumtua. Aligeuka akamrudisha nyumbani hivyo hivyo.

Mimi, mjukuu wake wa damu, nilifika siku ya tatu, wameshamzika.