Aliyesimama Mlangoni mwa Nyumba ya Vioo

Siku ile dukani tulikuwa watatu: mimi, binti yangu wa mwisho, ambaye ndiye aliyenileta Guangzhou, Uchina, na laobanyang, yaani mama mwenye duka la lebo za nguo kule mtaa wa Shahe, anayefanya biashara na binti yangu tangu hajaolewa. Wa nne alikuwa dada yangu mkubwa, ila yeye yuko Unguja, tulikuwa naye kwenye simu. Majina yao yote ninayo kichwani, siyaandiki tu.

Nilimpelekea laobanyang utepe wa marehemu mama. Ni wa hariri, upana wa vidole vitatu, umefumwa picha ya nyumba kubwa ya vioo yenye bendera juu. Bibi yake mama alipewa na tajiri mmoja wa karafuu, aliyekwenda Ulaya miaka ile ya elfu moja mia nane na kitu, kwenye maonyesho ya viwanda. Huko mashine zilifuma tepe hizo mbele ya macho ya watu, nao wakanunua za ukumbusho. Mama aliuweka kashani pamoja na udi. Kila akiutoa, alipitisha kidole gumba mlangoni mwa ile nyumba. Basi mlango umelika, na mimi nikiugusa unazidi kuchanika. Nikataka ufumwe mwingine kabla huu haujaniishia mkononi.

"Mmoja? Meiyou," akasema laobanyang. Hakuna. Kwao lebo hufumwa kwa maelfu. Binti yangu akambembeleza aufume pembeni mwa sampuli ya lebo zetu za madera. Akakubali, kisha akauliza, binti akinifasiria: hapa palipotoboka palikuwa na nini?

"Mwanamke mwenye mwavuli," nikasema.

"Farasi!" dada akapiga kelele simuni. "Wewe tangu utotoni hujui kutenga mchele na chuya."

"Mama akisema, 'Huyu ananingoja mimi.'"

"Kwani farasi hangoji?"

Laobanyang akacheka, ingawa hakuambulia neno. Nami nikashikilia mwanamke wangu, akafumwa.

Utepe mpya ninao hapa. Ni laini, haunuki udi. Nikipitisha kidole gumba mlangoni, mwanamke yupo na mwavuli wake, anangoja. Dada amekataa hata kuutazama simuni.

Kama kwenu umo utepe kama huu na mlango wake haujalika, tafadhali utazameni mniambie. Hata kama ni farasi.