Kang'ombe ka Mnadani

Nyumba ya baba yangu pale Rhotia ilivuja sana, na mvua ikinyesha mama alitubana wote upande mkavu. Mvua ya namna hiyo ikamleta mgeni, mama akamwambia, "Karibu kajumba ketu, kuna kauji." Uji wenyewe ulijaa sufuria! Ndiyo adabu tuliyokulia, cha kwako unakifanya kadogo. Mnadani Karatu tumeigeuza, tunafanya kadogo cha mwenzako ili bei ishuke.

Mwaka jana maksai wangu mmoja alikufa mvua zikiwa karibu, na plau haivutwi na mmoja. Mnadani nikaliona dume jekundu, mabega mapana, la kufanana kabisa na yule aliyebaki. Mwenyewe alikuwa mfugaji wa Soitsambu, mzee kama mimi. Dume lile nililitaka sana.

Shemeji yangu, bingwa wa kupatana, akaanza. "Mzee, haka kang'ombe unakauzaje?"

Yule mzee akatazama huku na huku. "Kang'ombe kako wapi?"

"Si haka?"

"Kwa lugha yetu kitu kikiwa kidogo tunakitaja kama cha kike. Huyu umemwangalia vizuri?"

"Basi kadume!" Watu wakacheka, hata mimi.

Yeye hakucheka. Akaweka fimbo begani, akapiga mluzi, dume likamfuata.

"Mzee, rudi, ni utani wa kununulia tu!" nikapaza sauti.

Akapita wauza maharage bila kugeuka, na mnadani kwetu hajaonekana tena.