Shangazi na Kesi ya Mahindi

Siku hizo nilikuwa karani wa wakili mmoja mjini Bungoma. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa, na kwa kuwa nilipiga chapa maneno ya sheria kutwa nzima, niliamini naijua sheria. Nyumbani waliniita wakili. Sikuwakataza.

Basi shangazi yangu, dada ya baba, alipokamatwa Kitale kwa kuchoma mahindi ya jirani, nikaitwa mimi.

Shangazi alikodi shamba nje ya mji. Baada ya kuvuna alikusanya mabua akayawasha, kama kila mtu. Upepo ukageuka. Upande wa pili wa ua, jirani yake, mzee ambaye watu wake walihamia huku kutoka Nyeri, alikuwa amekata mahindi na kuyasimamisha marundo marundo yakauke. Moto uliyamaliza karibu yote. Tena wiki iliyotangulia hao wawili waligombania huo ua hadi soko zima likasikia.

Kesho yake asubuhi shangazi alifanya wanavyofanya watu wa kwetu hata ng'ombe wao akila shamba la mtu: alibeba kuku, akaenda kwa mzee, akasema, "Ni mimi nimekuchomea mahindi. Nisamehe." Mzee akampokea kuku, akashukuru, kisha akaenda kituo cha polisi akarudia maneno yale yale.

Nilimkuta seli. Nikamweleza kwa madaha kwamba sheria imeweka nyumba na rundo la mazao kapu moja: ukiviwasha kwa makusudi, bila haki, waweza kufungwa maisha. Hata zao ambalo bado limesimama shambani lina miaka hadi kumi na minne.

"Ukiulizwa kama ni kweli, sema si kweli," nikamwambia. "Basi."

"Lakini ni mimi niliwasha."

"Shangazi, tafadhali!"

"Ati nidanganye hakimu? Mtu mzima kama mimi?"

Nilikasirika kweli. Mkaidi huyu angetuaibisha wote.

Siku ya kwanza kortini, karani wa mahakama alisoma shtaka lote kwa Kiswahili, makusudi yakiwemo, akauliza, "Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli," shangazi akajibu kwa sauti ya kanisani.

Nikafunika uso. Maisha, na bado tulikuwa hatujanywa hata chai ya saa nne.

Bahati yetu hakimu alikuwa mama mwenye subira. "Uliwasha ndio mahindi ya jirani iungue?"

"Mungu wangu! Si nilikuwa nachoma mabua yangu, bana. Hiyo upepo ndio ilibadilika. Nikapiga moto na matawi mpaka hii mkono ikaungua."

Akainua mkono wa kushoto uliofungwa kitambaa. Nilikaa naye saa nzima kule seli bila kuuliza kitambaa kile ni cha nini.

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana, kwa sababu kuwasha moto peke yake hakutoshi, lazima awe alikusudia. Siku ya kusikizwa kwa kesi, mzee mwenyewe alisema alimwona shangazi akipigana na moto hadi akaanguka. Kwa nini hakusema mapema? "Polisi hawakuniuliza hiyo," akajibu. Shangazi akaachiliwa.

Nilimngoja nje nikitarajia shukrani.

"Hakimu aliniuliza kama nilitaka kuchoma," akasema. "Wewe hukuniuliza. Ulifikiria nilifanya makusudi?"

"Hapana, shangazi. Nilijua huna makosa tangu mwanzo."

Huo ulikuwa uongo. Tangu nilipopata habari, niliamini alimchomea mzee kwa hasira ya ule ua, na ndiyo maana nilimfundisha kukana. Shangazi, aliyekataa kumdanganya hakimu hata alipotishwa na kifungo cha maisha, alinitazama kidogo, akatabasamu, akaniamini.