Mmea wa Bibi Ulipokatika

Harufu ya gunia bichi hunirudisha Tabora, barazani kwa bibi yangu. Alikuwa na mmea wa kutambaa ambao hakuna jirani aliyekuwa nao. Mama aliuleta kutoka Kigoma mwaka aliofariki. Uliparamia ufito uliozungushiwa gunia, na kiangazi, bomba likikauka, bibi aliumwagilia maji aliyotawadhia.

Siku moja niliuvuta, ukakatika. Nikajificha jikoni.

Bibi alinifuata, kipande mkononi. "Njoo, mjukuu wangu. Unakiona hiki kifundo? Mzizi hutokea hapa."

Tukakitia kwenye chupa ya maji. Kila asubuhi nilikitazama kabla hata ya kumwamkia. Mzizi mweupe ulipochomoza, bibi alikaa sakafuni akalia, yeye ambaye hata siku ya mazishi sikumwona akitoa chozi.