Pikipiki Iliyosingwa Kama Bibi Harusi

Hafsa binti Mbwana ni mpaka hina wa mabibi harusi huku Msambweni, na anaendesha pikipiki ya mbio. Nimeyaweka mambo haya mawili katika sentensi moja kwa makusudi, maana wengi hapa kwetu mpaka leo wameshindwa kuyaweka pamoja katika vichwa vyao.

Zamani mpaka hina hakuhitaji hata baiskeli. Bibi harusi alikuwa wa mtaa wa pili. Mpaka hina alifika alasiri, akala, akalala, akaamka, akaulizia chai, ndipo akaanza kuchora. Hina ilitwangwa nyumbani, ikalowekwa, ikangojwa. Siku hizi hina hutoka katika mrija wa plastiki, bibi harusi anashika simu kwa mkono mmoja kulinganisha maua yake na ya mwanamke wa Dubai, na mpaka hina anatakiwa Shimoni asubuhi, Ukunda adhuhuri, na Kombani kabla ya magharibi. Kila mtu ana haraka ya kuoa, na wengine wana haraka zaidi ya kuacha. Kisha watu wakashangaa Hafsa aliponunua kitu cha kukimbilia.

Aliinunua kwa Mzungu wa Diani aliyekuwa akirudi kwao. Ni nyekundu, imeinamia mbele kama jogoo anayetafuta ugomvi. Mwenye kuipanda hulala kifudifudi juu ya tangi, makalio yakabaki nyuma yakitazama mbingu. Ustadhi wetu mmoja aliuona mkao huo, akageuza uso, kisha akautazama tena ili awe na hakika ya anachokikataza.

Hafsa aliachwa na mumewe zamani na anakaa kwa kaka yake Amin, muuza mbao. Amin ni mtu wa safu ya mbele msikitini na wa safu ya mbele penye pilau. Alipoiona pikipiki ikiingizwa uani kwake alitoa hukumu mbele ya majirani, nami nikiwamo, maana nyumba yangu inapakana na yake.

"Itakaa hapa," alisema. "Lakini siku itakapomwangusha mtu, awe wewe, awe mwingine, inatoka uani mwangu. Na haitarudi."

"Nitaiweka wapi, kaka?"

"Barabarani. Si ndiko inakopenda?"

Kuilaza pikipiki kama ile barabarani ni kuitoa sadaka. Hafsa alilijua hilo. Bila ua ule hakuna pikipiki, na bila pikipiki angerudi kuchora mabibi harusi wa mtaani, ambao sasa nao wanataka mpaka hina kutoka Mombasa.

Ndipo akaja kwangu. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya sukari Ramisi, na Kiingereza cha vitabu vya mitambo nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyokosa herufi mbili za mwisho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa. Inalia huku nyuma, krr, krr, kama inasaga mchele."

Nilitazama mnyororo. Ulikuwa umelowa mafuta ya nazi, na juu ya mafuta kulikuwa na mchanga wa Diani wa kutosha kujengea choo.

"Nani amekwambia uupake mafuta ya nazi?"

"Babu, si ndiyo tunayopaka kila kitu?"

Hapo sikuweza kumlaumu sana. Sisi wa pwani mafuta ya nazi tumeyapaka nywele, milango, ngoma, visu na watoto. Mama yangu aliyakamua mwenyewe, yakanuka nyumba nzima. Leo yananunuliwa dukani katika chupa na hayanuki kitu. Lakini mnyororo wa pikipiki si nywele. Mafuta yale hushika mchanga, na mchanga hula chuma.

Tukauosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, tukaukausha, tukaupaka mafuta maalumu ya mnyororo. Nikamwonyesha na mengine. Upepo wa tairi hupimwa kwa kipimo asubuhi kabla hujatoka, tairi zikiwa baridi. Kuipiga tairi teke si kupima, ni kuionea. Oili ya injini hutazamwa pikipiki ikiwa imesimama wima, siyo imeegemea stendi kama mlevi. Pedi za breki hukaguliwa unene wake. Chumvi ya baharini huoshwa kwa maji ya bomba, tena polepole, maana bomba lenye nguvu husukuma maji mahali pasipotakiwa. Si uganga. Ni adabu tu, na adabu ndiyo iliyotuhama.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa amempelekea Kitsao, fundi wa bodaboda wa Kombani, ambaye maradhi yote huyatibu kwa nyundo. Kitsao alikuwa ameukaza mnyororo mpaka ukiugusa unalia kama uzi wa gambusi.

"Amesema ukilegea utanikata mguu," Hafsa aliniambia.

"Na ukikazwa hivi utakula gia zako. Ukipanda, pikipiki hubonyea na mnyororo hujikaza wenyewe. Uachie nafasi ya kupumua."

"Kama mke."

"Mimi sikusema hivyo."

"Nimesema mimi, babu."

Akashika desturi yake. Kila asubuhi, glavu mikononi ili grisi isije ikachanganyika na hina, aliizunguka pikipiki akigusa hiki na kile. Majirani walisema anaisomea.

Basi ikaja wiki ya harusi ya Biasha, binti yake Amin. Biasha aliwekwa ndani, kama ilivyo ada kwa bibi harusi. Hatoki, haonwi na wanaume, kazi yake ni kusingwa, kusuguliwa mwili mzima kwa liwa ya kunukia na mafuta ya nazi mpaka ang'ae. Amin aliitangaza ada hiyo kila mahali. "Binti yangu hajaliona jua," alikuwa akisema, kana kwamba anauza embe lililovundikwa. Mimi nilifurahi, sikatai. Ni mambo machache yaliyobaki.

Asubuhi moja ya wiki hiyo Hafsa alikuwa na bibi harusi wa kumchora Diani. Nilikuwa kibarazani kwangu. Nikamsikia anapiga kelele uani, nikaenda.

Pikipiki iling'aa kupita siku iliyotoka kiwandani. Tangi liling'aa. Tairi ziling'aa, nyeusi, kama nywele za mwanamke aliyetoka kusukwa. Hafsa alipitisha kidole juu ya diski ya breki ya mbele, akaninusisha. Mafuta ya nazi.

"Nani amefanya hivi?"

Dirisha la chumba cha ndani likafunguka kidogo. Sauti ya Biasha ikatoka. "Shangazi, umeipenda? Nimeisinga kama nilivyosingwa mimi! Nimetoka alfajiri, baba akiwa msikitini. Hujanitoza kitu kwa hina yangu, nikasema na mimi nikufanyie jambo."

"Ah, mwanangu," Hafsa alisema. Akanigeukia. "Diski na tairi naziosha kwa sabuni, kisha spiriti. Haijasogezwa, kwa hiyo pedi bado kavu. Nitachelewa kidogo tu."

Akaingia ndani kutafuta sabuni na maji ya moto.

Amin akatokea na kanzu yake, akitaka ua uwe wazi kwa ajili ya mapishi. Pale langoni zilikwisha kupangwa kuni na masufuria ya kukodi.

"Hii bado iko hapa?"

"Iache," nikamwambia. "Breki zina mafuta."

"Mzee, mimi nimeendesha pikipiki wewe ukiwa bado unaota meno."

Nimemzidi miaka mingi. Ufunguo ulikuwa mahali pake, naye akaukunja mkia wa kanzu, akapanda, akawasha. Alizoea pikipiki za kubebea mbao, zile unazopaswa kuziomba ziondoke. Hii haikungoja ombi. Iliruka. Amin akaukamata mkono wa breki kwa nguvu zake zote, pedi zikaibusu diski kwa upole kabisa, na bwana mkubwa akaenda moja kwa moja, huku akiita majina yote ya Mwenyezi Mungu aliyoyakumbuka, mpaka ndani ya masufuria.

Ilisikika mpaka sokoni. Amin alikaa chini, hajaumia, sufuria moja limemfunika mapaja. Hafsa akatoka mbio na ndoo yake. Majirani wakajaa langoni.

"Imemwangusha!" mmoja akasema, kwa furaha. "Amin, si ulisema ikimwangusha mtu inatoka?"

"Inatoka!" Amin akanguruma. "Inatoka leo! Breki zimepakwa mafuta! Ni nani aliye..."

Dirisha likafunguka tena. "Baba, usimwonee shangazi. Ni mi..."

Hafsa aliangusha ndoo ya bati. Sijui kama ilimponyoka. Lakini Amin alikuwa amesikia ya kutosha. Alilitazama dirisha, akawatazama majirani, na nikaona hesabu ikipita usoni mwake. Kama pikipiki ilimwangusha, breki zilipakwa mafuta. Kama zilipakwa mafuta, kuna aliyezipaka. Na aliyezipaka hajaliona jua.

"Mafuta gani?" jirani akauliza.

"Hakuna mafuta," Amin akasema.

"Umesema sasa hivi."

"Nimeteleza. Kanzu imenikwamisha. Pikipiki haina kosa. Nendeni makwenu, hamna kazi?"

Wakaondoka mmoja mmoja, wakiwa wamevunjika moyo. Hafsa akachutama, akachungulia pedi, akatikisa kichwa.

"Zimekwisha kunywa mafuta, kaka. Pedi zikinywa mafuta hazioshwi, hutupwa. Sitaipanda leo."

"Na bibi harusi wako wa Diani?"

"Nitakwenda kwa bodaboda na nitatukanwa na shangazi zake. Wewe utakwenda Ukunda kuninunulia pedi, za mbele na za nyuma."

"Mimi?"

"Au nimtume aliyezipaka?"

Amin akasimama, akapangusa masizi kwenye kanzu, yakazidi kuenea. "Niandikie jina la hizo pedi," alisema. "Mimi sizijui."

Alirudi adhuhuri na pedi za bodaboda, zisizoingia kwenye pikipiki ya mbio. Hafsa hakuwapo, kwa hiyo kazi ya kumrudisha Ukunda ilikuwa yangu, na niliifanya kwa moyo wote.