Suruali za Kaka Hazikumbana

Kaka yangu alikuwa fundi wa suruali, na watu walimwita Futi kwa sababu ile futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Alikuwa nayo dukani, alikuwa nayo mezani wakati wa kula, na mkewe aliapa kwamba kuna siku alilala nayo. Ukizungumza naye, macho yake yalikuwa kiunoni kwako. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anakupima tu. Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa meza ya pili: kutia vifungo, kushona mapindo kwa mkono, kupiga pasi. Tulikaa miaka mingi kwenye chumba kile kimoja, mgongo kwa mgongo, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa nani kaficha chaki.

Tumbo lake lilikuwa likiungua tangu zamani. "Moto umewaka," alikuwa akisema, na cherehani inanyamaza. Dawa yake ilikuwa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha watu watatu, na mkate. Akila, moto unatulia. Ukiwaka tena, anakula tena, kisha anarudi kukaa kwenye kile kiti mpaka jioni. Vidonge vyeupe vya kiungulia alivitia kwenye kopo la vifungo, na siku moja nusura nishone kidonge kwenye shati la mteja. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mteja hakucheka.

Wifi yangu, mkewe, alikuwa mfagiaji wa shule, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Naye alikuwa na moto huohuo. Alikuwa akifagia, anasimama, anashika chini ya kifua, anaendelea. Nyumbani kwao kulikuwa na vikombe viwili vya chai ya maziwa kila saa, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwishowe nilimburuta kaka mpaka zahanati. Wakampima choo, wakakuta bakteria tumboni. Nesi akampa mfuko wa dawa za aina tatu, asubuhi na jioni kwa wiki mbili, akamwambia asiache hata akipata nafuu. Kaka akaitikia kwa adabu zote. Alipofika nyumbani akamkuta mkewe amejikunja kitandani na moto wake. Basi akachukua mkasi wa kitambaa, ule ambao hata mimi sikuruhusiwa kuugusa, akakata kila kidonge katikati. Vile vya gamba visivyokatika akavigawa kimoja kwake, kimoja kwa mkewe. Kesho yake alinisimulia kwa majivuno.

"Nimekata sawa kabisa, hakuna hata unga uliomwagika."

"Kaka, dawa si kitambaa."

"Na yeye anaumwa, dada. Nimeze peke yangu huku ananitazama?"

Nilirudi kwenye vifungo vyangu kwa hasira. Upendo ulikuwepo pale na ujinga ulikuwepo, na kaka alikuwa ameshavishona pamoja. Walipata nafuu wote wawili, wakasifiana. Haukupita muda mrefu moto ukarudi kwa wote wawili, na sasa walikuwa wanaona haya kurudi kwa nesi. Kaka akarudi kwenye chai yake na mkate wake.

Sasa nieleze habari ya suruali. Mtu mwingine akinenepa, suruali yake inamwambia. Kifungo kinakataa, zipu inagoma, anakwenda kwa fundi na uso wa aibu. Kaka fundi wake alikuwa yeye mwenyewe. Katika kila suruali aliyoshona aliacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono wa nyuma, ili mteja akiongezeka apate pa kupanulia. Katika zake akaacha akiba ya upana wa kiganja. Mchana, wateja wakipungua, alijificha nyuma ya pazia, akajifunga kiunoni kipande cha kitambaa cha bitana, akafumua mshono, akalegeza kidogo, akashona upya. Kazi safi. Mimi niliyezipiga pasi sikuona pale mshono wa zamani ulipokuwa. Kwa lile tumbo nilimwita mheshimiwa, naye akanipigia saluti na futi shingoni. Tumbo lilikua hivyo mbele ya macho yetu sote, taratibu, bila mtu yeyote kubanwa.

Kisha akaanza kuchoka. Alikuwa akishona mguu mmoja wa suruali, analaza kichwa juu ya cherehani. Akawashwa mwili mzima, nami nikalaumu vumbi la vitambaa. Siku moja alinigeukia kuniomba sindano, mwanga wa mlangoni ukampiga usoni, nikaona macho yake yamekuwa ya manjano. Nilifunga duka papo hapo, na mteja akiwa ndani.

Hospitalini tulimpata daktari msichana mwenye subira. Alimlaza, akampitishia mashine ya picha tumboni, akamuuliza maswali. Pombe? Hajawahi kuionja. Sigara? Hapana.

"Baba, suruali zako zilianza kukubana lini?"

"Hazijawahi kunibana, daktari," kaka akajibu, kama shahidi aliyekula kiapo.

Daktari akaandika. Nilijikaza, nikashindwa.

"Daktari, huyu ni fundi. Anazilegeza mwenyewe."

Kalamu ikasimama. Kaka akatazama viatu vyake, na nadhani ndipo alipojiona kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba amekata kitambaa cha watu vibaya, na hakuna kingine.

Daktari alisema ini lake lilijaa mafuta kwa miaka mingi, mafuta yakaleta uvimbe, uvimbe ukaacha makovu, na sasa makovu ni mengi kuliko ini. Wale bakteria nao bado walikuwepo tumboni. Nikamuuliza kama ndio waliofanya hayo yote. Hakutaka kunidanganya. Alisema watafiti wanaona vitu hivi viwili vikitembea pamoja mara nyingi, mdudu wa tumboni na mafuta ya ini, ila bado hawajakubaliana ni kipi kinamvuta mwenzake na kwa nguvu gani. Huenda uvimbe wa tumbo unalifikia ini. Sukari, unene na kukaa kitini kutwa navyo vina lao. "Ila huyu mdudu tungemtoa mapema, mama, angalau kaka yako asingekuwa anazima moto kwa chakula." Kisha akauliza nani mwingine nyumbani ana kiungulia cha muda mrefu, maana wadudu hawa huambukizana ndani ya familia. Kaka akafumba macho.

"Mke wangu," akasema.

Tangu siku ile hakuuliza tena habari za ini lake. Alichotaka ni kimoja tu, mkewe akapimwe.

Wifi akakataa. Na hapo lazima nimtaje fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake haukauki. Aliposikia neno ini, akasema mbele ya watu, "Kumbe Futi alikuwa anakunywa kisirisiri." Nilimpasha pale pale, mpaka leo akiniona anainama kutafuta gundi. Lakini maneno yalikuwa yameshamfikia wifi.

"Wakinikuta na mimi, watasema tulikuwa tunakunywa wote," aliniambia. "Nina binti wa kuolewa, wifi. Niache."

Kila jioni kaka alimuuliza, "Umeenda?" Kila jioni akajibiwa, "Kesho." Kiuno cha wifi nacho kilikuwa kinaongezeka, na mkono wake ulikuwa bado unakwenda pale chini ya kifua. Kaka aliona. Macho yale yalikuwa yamebadilika rangi, lakini yalikuwa bado yanapima.

Wakati huo tumbo la kaka lilikuwa limejaa maji na miguu imebaki mifupa. Alikuwa hawezi kukaa kwenye cherehani. Siku moja wifi akamletea kitandani gauni lake la buluu, lile la heshima, zipu ilikuwa inamgomea.

"Fundi, nilegezee kidogo tu," akasema. Nadhani alitaka kumpa kazi ya kumchangamsha.

Kaka akalipokea. Akalishona kwa mkono siku kadhaa, akificha kazi yake chini ya shuka kila mkewe alipoingia. Alipomaliza akanipa nilipige pasi. Nikaligeuza upande wa ndani, nikaduwaa. Akiba yote ilikuwa imekatwa. Mshono ulikuwa umerudiwa mara mbili kwa uzi wa suruali, pale pale ulipokuwa mwanzo. Gauni lile hakuna fundi duniani angeweza kulilegeza tena.

"Kaka, umeliharibu."

"Halijaharibika. Limbane. Akibanwa, aende akapimwe."

Wifi alilijaribu mbele yake. Zipu ikapanda nusu, ikasimama. Alielewa baadaye, lakini wakati ule alilia kwa hasira.

"Nimekuomba kitu kidogo tu, mume wangu. Kidogo tu."

"Kidogo ndicho nilichokuwa najifanyia mimi," kaka akasema. Alikuwa amechoka, akageukia ukutani.

Alifariki wiki ileile, na wifi alikuwa hajaenda. Hilo linaniuma kuliko yote. Aliondoka bila kujua kama mshono wake ulifanya kazi.

Siku ya maziko wifi alivaa lile gauni la buluu. Nilimwambia avae jingine, akanikatalia. Mgongoni zipu ilikuwa wazi nusu, akaifunika kwa mtandio, na kutwa nzima alipumua kwa vipande vipande. Watu walidhani ni kilio. Walipotawanyika, akakaa kwenye kiti cha kaka, pale kwenye cherehani, akajishika kiunoni kwa mikono miwili.

"Wifi," akasema, "nipeleke."

Wakamkuta na bakteria walewale. Ini lake lilikuwa na mafuta, lakini halijapata makovu. Daktari yuleyule alimwambia bado kuna njia, akimaliza dawa, akibadilisha chakula, akipunguza kiuno. Kwenye dirisha la dawa tukapewa mfuko. Wifi akautazama, akavitoa vile vipakiti kimoja kimoja, akavipanga juu ya ubao wa dirisha kwa mafungu mawili. Sidhani kama alijua mikono yake ilikuwa inafanya nini.

"Vyote hivi ni vyangu?" akamuuliza mtoa dawa.

"Vyote, mama. Asubuhi na jioni mpaka viishe. Usimgawie mtu."

Wifi akayarudisha yale mafungu mawili yote mfukoni.

"Sina wa kumgawia," akasema.