Waya Uliofukiwa Ukutani

Baba alipoanza kupapasa mlango wa choo mchana kweupe ndipo tulipoelewa. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kulizima jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa njiani. Daktari hakutuzungusha: mwanga uliobaki ni wa miezi michache.

Baba aliomba kitu kimoja, kumwona marehemu mama. Video tuliyokuwa nayo ni ya jubilei ya ndoa yao. Mama amesimama mbele ya kwaya, kitenge cha kijani, anaimba huku akizuia kicheko. Kwenye simu baba hakuona kitu. Kwenye televisheni yetu aliona kivuli kinachotikisika.

"Niwekeeni kubwa," alisema. "Ukuta mzima."

Nilirudi nyumbani Isevya na projekta niliyoinunua Dar es Salaam kwa malipo ya kitabu changu cha kwanza. Ilibaki waya wa kuiunganisha na kompyuta. Mzee wa Kiarabu mwenye duka la vifaa vya umeme aliitikia shikamoo yangu, akasikiliza, kisha akaweka waya mweusi, mnene, mfupi, juu ya kaunta.

"Chukua huu, binti. Kompyuta iweke kwenye stuli chini ya projekta. Mita mbili, picha haina pa kupotelea."

"Utaning'inia mbele ya wageni."

"Wageni wanakuja kuangalia waya?"

Nilicheka, nikachukua mwingine: mita kumi na tano, umesukwa kwa nyuzi za fedha, ncha zake za dhahabu. Niliuona akilini umelala ndani ya ukuta, hauonekani, na mama anatokea kama vile hakuna mkono wa mtu uliomleta. Mzee aliniambia kitu kuhusu ncha zake, kwamba moja ni ya kompyuta na nyingine ya projekta, hazibadilishwi. Niliitikia ndiyo. Nilikuwa nimekwisha kugeuka.

Misa ya mwaka wa mama ilikuwa Jumapili. Kwetu, nyumba ya marehemu lazima iwe na plasta mpya na rangi kabla ya siku hiyo. Ndugu wanaotoka Bukene hutazama kuta kwanza, pole inafuata. Kwa hiyo Alhamisi, umeme ukiwa umekatika na waya umeshalazwa ndani ya ukuta, fundi alikuwa ameshika mwiko.

"Dada, tusubiri umeme tuujaribu?"

"Plasta itakauka lini? Funika."

Akafunika.

Jumapili baada ya chakula tulifunga mapazia. Baba aliketi mbele, amevaa koti alilovaa siku ya jubilei. Nikabonyeza. Ukuta ukawa wa buluu, na katikati maandishi kwamba hakuna kilichounganishwa. Nikachomoa, nikachomeka, mara tano, mara sita. Binamu yangu mmoja akasema kwa sauti, "Mwandishi, au tusome kitabu?" Watu wakacheka. Baba alikuwa bado ameinua uso, anasubiri.

Ncha zilikuwa zimegeuzwa, ya projekta upande wa kompyuta. Ndani ya ukuta picha ilikuwa inasukumwa upande usiopitika.

Jioni ile dada yangu mkubwa, anayemwogesha baba na kumkatia kucha, alinifuata jikoni.

"Kesho nenda kachukue ule mfupi. Stuli ninayo."

"Nitaagiza mwingine Dar. Huu tunauchimbua, tunaweka vizuri."

"Baba hahitaji vizuri. Anahitaji kesho."

Sikwenda. Laiti ningekuwa na sababu ya maana ya kuandika hapa, sina. Niliona haya kuingia tena katika duka lile. Fundi alipochimba, tindo ilikata waya. Mwingine ulichelewa, plasta ikapigwa upya, rangi ikapakwa upya. Wiki sita zikaisha. Dada aliacha kuniuliza.

Siku picha ilipotokea, ilikuwa safi kiasi cha kuumiza. Niliona jasho juu ya mdomo wa mama. Niliona uzi uliofumuka kwenye mkono wa kitenge. Alikuwa mrefu kuliko alivyokuwa hai, na kila pindo la nguo lilikuwa na kivuli chake.

Baba aligeukia kona yenye spika.

"Ni yeye," alisema. "Hapo anataka kucheka. Yuko upande gani?"

Dada alimshika kidevu taratibu, akamgeuza uso uelekee ukutani. Baba alikaa hivyo, ametulizwa kama mtoto anayenyolewa, macho wazi mbele ya ule mwanga wote.

"Mwambie kavaa nini," dada aliniambia bila kunitazama. "Si ndiyo kazi yako?"

Nikaanza na kitenge. Niliposema kijani, baba aliuliza kijani cha namna gani, na mimi, ninayelipwa kwa maneno, sikulipata neno lake.